Matela ya Espérance

Mama Aline alikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya hema, mkoba wake magotini, akasema mbele ya waombolezaji wote, kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi: "Espérance tuliishi naye muzuri sana pale kwetu Nyakabiga. Alikuwaka kama mutoto wangu." Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Nilikiweka chini haraka, maana wallahi nilijua nikiendelea kukishika kitamfuata pale alipo. Watu wakatikisa vichwa, wengine wakasema amina. Mimi nikainuka nikaenda nyuma ya nyumba, ambako Nadine, binti wa marehemu, alikuwa anasimamia sufuria za maharage huku macho yamemvimba kwa kulia. "Tanti Zaina, kuna nini?" akaniuliza. Nikamwambia ni moshi. Kilio cha rafiki yangu si mahali pa kugombana na bibi kizee, na mimi mwenyewe si msichana tena. Lakini hasira niliyokuwa nayo pale jikoni ina umri mkubwa kuliko Nadine, na nimeibeba vya kutosha.

Namna nilivyofika mtaa wa Nyakabiga, na nani aliniruhusu kupanga chumba peke yangu, ni habari nyingine na haina kazi hapa. Nilikuwa fundi cherehani, msichana bado, nikapata chumba kwenye parseli, kiwanja chenye nyumba na vyumba vya kupanga, cha Mzee Salvator, mume wa huyu Mama Aline. Mzee Salvator alifanya kazi serikalini mpaka akastaafu, akabaki na tabia ya kusema na kila mtu kana kwamba umekuja ofisini kwake kuomba karatasi. Mbele kulikuwa na nyumba yao kubwa. Nyuma yake vyumba vya wapangaji vilipangana kwa mstari, ukuta kwa ukuta, bati moja, na plafo moja ya mikeka iliyopita juu ya vichwa vyetu wote bila kukatika. Plafo ile ndiyo ilikuwa redio yetu. Juma, fundi magari wa chumba cha mwisho, akipiga chafya, mimi wa chumba cha kwanza nilimwitikia yarhamukallah. Wanafunzi wawili wa chuo kikuu, waliokwenda chuoni Mutanga kwa miguu kila asubuhi, walikariri masomo yao kwa sauti mpaka na mimi nikayajua, ingawa Kifaransa chenyewe nilikuwa nakibahatisha. Na jirani yangu wa ukuta, chumba cha pili, alikuwa Espérance.

Espérance alikuwa msusi. Chumba chake nakiona mpaka leo: kitanda cha mbao chenye shuka aliyoidarizi mwenyewe, kioo kikubwa kilichoegemezwa ukutani, mkeka mlangoni, na juu ya mkeka ule mto mwekundu ambao mteja aliukalia huku kichwa chake kikiwa katikati ya magoti ya Espérance. Kulinuka mafuta ya nywele na maharage yanayochemka, maana jiko lake la makaa lilikaa pale pale nje ya mlango, na huku anasuka huku anamwambia mteja, "Ebu geuza kidogo hii mwiko, mi mikono iko na mafuta." Wateja walipikishwa chakula chake na hawakulalamika. Mchana alinigongea ukuta kwa kitana, hiyo ndiyo ilikuwa kengele yangu, nikaacha cherehani tukala kwenye sahani moja: ugali wa muhogo, mchicha wa lengalenga, na ndagala zilizokaangwa zikakauka vizuri. Alikuwa ananitania kwamba mimi Mwislamu wa mjini ninakula kama mtu wa kilimani. Hakuwa na mume bado wala ndugu pale mjini. Chumba kile kilikuwa nyumba yake na kazi yake kwa pamoja, wateja walijua mlango ule tu. Akikipoteza, amepoteza vyote viwili siku moja.

Mwaka ulianza na kifo. Mama yake Mzee Salvator, bibi mzee sana aliyekuwa analala chumba cha nyuma cha nyumba kubwa, alifariki, na ndugu zake wakashuka kutoka milimani kuja kulia. Walikuja wengi, kama inavyotakiwa, wakalala pale siku zote za kilio, kama inavyotakiwa pia. Sasa wageni wengi vile wanalala wapi? Mama Aline alipita mlango kwa mlango na kitambaa cha msiba kichwani, akaazima matela, magodoro yetu ya sponji, na maburangeti. Kwetu mtu hakatai matela kwenye kilio. Hata kama umegombana na wafiwa jana, utaitoa, utajikunyata kwenye mkeka wako na utasema pole. Sote tulitoa. Juma alitoa yake, wanafunzi wakatoa yao, mimi nikatoa yangu niliyokuwa bado sijaizoea, na Espérance akatoa yake pamoja na shuka ile aliyodarizi, kwa sababu alimpenda yule bibi na alikuwa anamsuka bure. Kilio kilipopungua na wageni wakarudi kwao, matela zilirudishwa zimebebanishwa moja juu ya nyingine, kila mtu akavuta yake. Tukasema asante, wakasema asante, yakaisha.

Hayakuisha. Haikupita muda nikaanza kuamka na mistari ya vivimbe mkononi, vimefuatana kama mshono wa cherehani. Nikasema ni mbu. Kila mtu alisema ni mbu. Juma alikuwa anajikuna shingo mbele yetu kisimani, kucha zina grisi, anaacha michirizi myeusi, na ukimuuliza anasema, "Apana, hii ni joto." Joto! Mwezi wa mvua! Espérance peke yake ndiye aliyegeuza matela yake mchana, akafungua pindo kwa sindano ya kusukia, akawaona: wekundu, wapana, wamejipanga kwenye mshono. Hakuficha. Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Salvator na kumwambia, "Mzee, kuna kunguni. Afazali tutazame vyumba vyote, na kwenu ndani pia, kabla hazijaenea." Mimi nilikuwa nyuma yake, nikasema, "Hata kwangu ziko, Mzee." Akatutazama kama tumemtukania marehemu. Akasema, "Hii nyumba yangu haijawahi kuona kunguni. Nani anapokea watu wa kila aina humu? Ni nani anaingiza vichwa vya mji mzima?" Na akamtazama Espérance peke yake. Mimi nilikuwa mtoto wa kike asiyehesabika, maneno yangu yalipita kama upepo.

Hapo ndipo nilipoanza kuwajua watu. Jioni ile ile plafo ilinieleza kila kitu. Kwa Juma nilisikia dawa ya mbu inapulizwa, fsss, fsss, kimya, halafu fsss tena. Kwa wanafunzi nilisikia mmoja anamwambia mwenzake kwa sauti ya chini, "Tusiseme, watatufukuza." Wote walikuwa nao! Wote! Na kila mmoja alipigana peke yake, mlango umefungwa, kwa aibu, kana kwamba kunguni ni ugonjwa wa tabia. Huyu anapaka mafuta ya taa kwenye kitanda, nusura achome parseli nzima. Yule ananunua unga sokoni usio na jina, anaunyunyiza kwenye shuka anayolalia. Na kunguni wanafanya nini? Wanahama. Ukimpulizia kwa Juma anapanda kwenye plafo, anatembea juu ya vichwa vya watu, anashukia kwa wanafunzi. Wanafunzi wakimpulizia anakuja kwa Espérance. Espérance akimwaga maji ya moto kwenye kitanda, waliobaki wanapita kwenye ufa wa ukuta wanakuja kwangu. Tulikuwa tunarushiana kunguni kama mpira, na asubuhi tunasalimiana kisimani kwa heshima zote.

Leo najua, na hata siku ile Espérance alikuwa ameshasema: vyumba vyote, siku moja, milango wazi. Nguo zote zichemshwe, vitanda vifunguliwe maungio yote, mishono ya matela itazamwe, nyufa zizibwe, dawa ipigwe na mtu anayeijua, halafu irudiwe baada ya majuma machache kwa sababu mayai hayasikii dawa. Si uchawi, na wala si uchafu. Kunguni hajali kama umepiga deki. Anataka damu na ufa wa kujificha, basi. Ila kazi ile inahitaji kwanza watu wakubali kusema mbele ya wenzao, "Hata kwangu wako." Sentensi fupi namna hiyo, na parseli nzima ya watu wazima waliosoma na wasiosoma ilishindwa kuitamka.

Kilichonichoma zaidi ni hiki. Chumba changu kilipakana na jiko la nyumba kubwa. Mchana mmoja nilikuwa napindisha sketi ya mteja, dirisha wazi, nikamsikia Mama Aline anamwambia mumewe huku anachambua mchele, "Salvator, hata ndani kwetu ziko. Kitanda cha mama kimejaa. Zilikuja na maburangeti ya wageni." Mzee akasema maneno ambayo sijayasahau: "Nyamaza kabisa. Tukisema ni kilio, watu watasema mama yangu alikufa muchafu. Bado tuko na kuganduka mbele yetu, watu wote watakuja." Kuganduka ni ile sherehe ya kuondoa kilio moja kwa moja, mwaka ukizunguka. Mama Aline akauliza, "Sasa tutasema nini?" Mzee akajibu, "Iko mutu amekwisha kusema iko nazo. Huyo basi." Sindano ilinichoma kidole. Ninaelewa mtu kulinda heshima ya mama yake, hata mimi ningemlinda wangu. Lakini kumlinda maiti kwa kumzika aliye hai! Astaghfirullah, na mwanamke mwenyewe alikuwa amemsuka yule bibi nywele za mwisho alizoenda nazo kaburini.

Nilimweleza Espérance. Alinisikiliza, akaendelea kukaza uzi kwenye kichwa cha mtoto aliyekuwa anamsuka, akasema, "Watatazama, Zaina. Wakitazama vitanda wataona ni vyumba vyote. Mutu mukubwa hawezi kufukuza mutu bila kutazama." Aliamini hivyo kweli. Mimi sikuamini, ila nilitamani.

Siku iliyofuata, asubuhi, wakati wateja wameshakaa foleni mlangoni, Mzee Salvator alikuja na vijana wawili aliowaita barabarani. Hakutazama kitu. Aliwaonyesha kwa kidole, wakakivunja kitanda, wakaburuta matela mpaka getini, na shuka iliyodariziwa juu yake, wakamwaga mafuta ya taa. Watu wa aveni, barabara yote ile, wakatoka. Matela ya sponji haiwaki vizuri, inayeyuka na kutoa moshi mweusi unaonuka vibaya, kwa hiyo kila aliyepita aliuliza kuna nini, na kila aliyeuliza alijibiwa na Mama Aline, kwa sauti kubwa, "Ni ya ule musichana wa kusuka. Kunguni!" Wateja waliinuka mmoja mmoja kwenye mkeka. Mmoja alikuwa amesukwa nusu ya kichwa. Aliweka kitambaa juu akaondoka hivyo hivyo. Espérance alisimama na kitana mkononi, akisema neno moja tu, "Mzee. Mzee. Mzee." Damu ilinipanda. Nikapaza sauti: "Mama Aline, si wewe ulisema jikoni kitanda cha bibi kimejaa? Si ulisema zilikuja na wageni wa kilio?" Akageuka, akanipima kutoka kichwani mpaka miguuni. "Mutoto wa kike, bila mume, anasikiliza ukuta wa watu. Na anatukana marehemu. Mumeona adabu yake?" Nikamgeukia Juma. Nikamwambia, "Kaka Juma, sema. Onyesha shingo yako." Juma alikuwa amefunga kola ya ovaroli mpaka juu, na joto lile la moto. Akasema amechelewa gereji. Wanafunzi walikuwa wameshaondoka kwenda Mutanga, mapema kuliko siku zote.

Espérance alifungasha kioo chake, mto mwekundu na sufuria, akaenda mtaa wa Cibitoke kwa mwanamke aliyemfahamu kanisani. Nilimsindikiza. Jina lilifika kabla yetu. Wiki haikuisha, watu wa huko walikuwa wanasema "yule wa kunguni", na kwa muda mrefu sana hakuna mtu aliyeweka kichwa chake katikati ya magoti yake. Yeye, mikono ile! Alifua nguo za watu. Alilala kwenye mkeka kwenye sakafu ya simenti, akapata kifua kilichomsumbua mpaka mwisho, na daktari anaweza kusema anavyotaka, mimi najua kilianzia wapi. Kule Nyakabiga chumba chake kilipakwa rangi mpya, ya bluu, juu ya nyufa zile zile. Mpangaji mwingine akaingia, akashukuru kwa rangi. Kunguni hawakupungua hata kidogo. Wakahesabika kuwa ni wa Espérance, aliotuachia.

Nilibaki pale kwa sababu sikuwa na pa kwenda, na nikabaki nikiwa mbaya wa parseli, niliyenyimwa hata kuni za kuazima. Hivyo mwaka ukazunguka, na kuganduka ikafika. Mapipa ya pombe ya ndizi yalipangwa uani, ng'ombe akachinjwa, ndugu wakashuka tena kutoka milimani. Na Mama Aline akapita tena mlango kwa mlango, kitenge kipya, uso wa furaha, kuazima matela. Nilisimama mlangoni kwangu nikamwangalia anavyotoka chumba kwa chumba. Juma alimwambia yake imechanika. Wanafunzi walisema zao wamewapa wenzao chuoni. Mpangaji wa chumba cha bluu alisema yake imelowa. Mvua ilikuwa imekosa majuma kadhaa, mawe yenyewe yalikuwa yamekauka. Hakuna aliyetaka kupokea tena kile alichokipokea mwaka uliopita, na hakuna aliyetaka kukisema. Walisema kwa kufunga milango. Alipofika kwangu, mikono mitupu, alinitazama kwa macho ya kuomba. Nikamwambia, "Mama Aline, matela ya Espérance si mliichoma? Wageni wenu walale juu ya jivu lake." Nilihama mwezi ule ule.

Sasa mimi mwenyewe ni mwenye nyumba. Nina vyumba huko huko Cibitoke, si vingi, na ninawaona makomisiyoneri, madalali wa nyumba, wanavyowaambia wapangaji: "Safi kabisa, mama, imepakwa rangi juzi." Rangi! Nikisikia neno hilo mwili unaniwasha. Kwangu mpangaji mpya na mimi tunageuza matela pamoja kabla hajachukua ufunguo, yake mimi naitazama, ya chumbani yeye anaitazama, na hakuna anayeona aibu kwa sababu tunainama wote wawili. Na anayekuja kuniambia, "Mama, nimeona kunguni," anakaa kitini kwangu, anakunywa chai ya tangawizi na chapati, halafu kesho yake tunafungua vyumba vyote. Watu wanacheka, wanasema kwa Mama Zaina kunguni wanakuletea chai. Wacheke.

Espérance alirudi polepole kwenye kazi yake. Aliolewa, akamzaa Nadine, akafungua saluni yenye kiti cha kweli. Habari ya Nyakabiga hakuwahi kumwambia mtoto. "Ya nini?" alikuwa ananiambia. "Aanze kuona aibu ambayo si yake?" Lakini alifanya kitu kimoja ambacho sikumwelewa mwanzoni. Kila alipopata nafasi alinunua matela, akaniletea nizishonee mifuko ya kitambaa kizito yenye zipu, akaziweka kwenye stoo juu ya mbao, hazigusi ukuta. Zilikuwa za kuazima kwenye vilio. Mtaa wote ulimjua kwa hizo. Mtu akifiwa, kabla ya kutumwa mtu, Espérance ameshaleta matela, na zikirudi anafungua zipu mbele ya watu, anapitisha kidole kwenye mshono wote, anachemsha mifuko. Nilimuuliza siku moja kwa nini anajichosha. Akajibu, "Mutu asikuje kulia akarudi kwake na aibu."

Basi jioni ile ya kilio chake Nadine alifungua stoo, na wageni wa mama yake wakatandikiwa matela za mama yake. Mjukuu aliyemleta Mama Aline angemfuata kesho yake, kwa hiyo angelala sebuleni na wazee wenzake. Nikamwambia Nadine, "Ya huyu nitaleta mimi." Nikaibeba mwenyewe, nikaitandika mbele ya miguu yake. Mama Aline akauliza polepole, "Hii ni ya nani?" Nikasema, "Ya Espérance." Hakukaa. Aliinama na mgongo wake ule uliopinda, akashika zipu, na kidole chake kikaanza kutembea kwenye mshono, kona mpaka kona, haraka, kidole kinachoijua kazi. Kwa hiyo na yeye, miaka yote hii, alikuwa anaikagua kila matela anayolalia. Nilipiga goti nikamnyanyulia upande wa pili.

"Tafuta, Mama Aline," nikamwambia. "Tafuta vizuri. Siku ile hamkutafuta."

Alizunguka matela yote. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, "Iko safi."

"Sema kwa nguvu. Siku ile ulisema kwa nguvu, aveni yote ikasikia."

Nilidhani atalia au atanitukana, na nilikuwa tayari kwa yote mawili. Akainua kichwa akasema, wazee wote sebuleni wakageuka: "Matela ya Espérance iko safi!"

Nadine alikuwa anapita mlangoni na maburangeti. Alisimama, akatutazama sisi wawili tulioinama pande mbili za matela ya mama yake. "Lakini, tanti," akasema, "nani alisemaka ni chafu?"

Mama Aline akanitazama. Sikumsaidia. Niliketi pale pale sakafuni, nikangoja ajibu.